Upande Wako wa Shamba

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu haitikii, lakini tangu nimuoe binti yako sijawahi kukuanza kwa neno jingine, na leo siwezi kujifunza jipya. Hata ulipokuwa hai nilikuamkia nikiwa nimegeukia ukutani, nawe ukaniitikia "marahaba, baba" ukiwa umejifunika khanga mpaka puani. Kwa hiyo kukuamkia bila kukuona si kitu kigeni sana kwangu.

Nakuandikia habari za shamba na habari za Rehema. Nianze na Rehema, maana ndiye ungemuulizia kwanza.

Mama, mwanao alikuwa hali chakula. Tulikuzika mwezi wa pili, ardhi imeganda kwa baridi, ngumu kama saruji, hata ikabidi waipasue kwa mashine, na Rehema hakudondosha chozi. Alihudumia wageni, akapokea pole, akarudi kazini kwake hospitali akiwa amenyooka kama kawaida. Ila chakula kilimkataa. Ugali alimega tonge moja, akalifinyanga vidoleni mpaka likapoa, kisha akalirudisha kwenye sahani. Kina mama wa kanisani walileta makande, wakaleta ndizi, wakaleta supu ya kuku, friji ikawa haifungi. Nikawa nakula mimi. Nimenenepa katika msiba wako, Mama, nisamehe, na mwenzangu nguo zikaanza kumning'inia.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano nilimkalisha chini nikamwambia aniambie anachotaka, chochote, hata kama kiko jimbo jingine nitaendesha gari nikakilete. Halafu akasema, "Nataka mahindi ya Mama." Basi, hakuongeza neno. Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya gari. Mahindi ya Mama bila Mama nilikuwa sijui yanalimwaje.

Watu wa hapa hata ukiwaeleza hawaelewi tuliishije wewe na mimi katika nyumba ya vyumba viwili huku ughaibuni, pale mjini New Hope, yenye choo kimoja. Ulikuja kumpokea Tumaini alipozaliwa, ukasema utakaa mpaka aote meno, ukakaa mpaka akaanza shule. Na mila za kwetu Mufindi ulikuja nazo nzima nzima. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali naye meza moja. Nikitaka kutoka chumbani nakohoa. Ukitaka kwenda jikoni unakohoa. Tumaini amekua akidhani ukoo wetu una ugonjwa wa kifua. Kwenye gari ulikaa nyuma yangu kabisa, nami nikakipindisha kile kioo cha ndani mpaka kikawa kinaonyesha dari. Tungegongwa siku moja kwa sababu ya heshima.

Lakini shambani ilikuwa habari nyingine. Kile kipande tulichopewa kwenye bustani ya jumuiya kule Crystal ulikigawa siku ileile ya kwanza. Ulichora mstari kwa mpini wa jembe, ukasema upande wa uzio ni wa Baba Tumaini, upande wa bomba ni wangu, na asivuke mtu. Sikuvuka. Mwezi wa sita mahindi yakiwa ya magotini tulisalimiana tu. Yakifika kifuani unaanza kuniuliza habari za kiwandani Fridley, kama bado wananipanga zamu za ovyo. Yakishatupita vichwa, hunioni sikuoni, hapo ndipo ulikuwa unazungumza. Ulinisimulia jinsi marehemu mzee alivyokuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, vyote vya mguu wa kushoto. Ulinisimulia watoto wawili uliowazika kabla ya Rehema, na majina yao, ambayo Rehema mwenyewe alikuwa hayajui. Ulicheka pia. Sikuwahi kujua unacheka kwa sauti nene namna ile, maana nyumbani ulichekea ndani ya khanga. Siku moja ukasema kutoka upande wako, "Baba Tumaini, ningejaliwa mtoto wa kiume ningetaka apalilie kama wewe, ila asiwe mvivu hivi." Msimu mzima wa baridi nilikuwa nikikumbuka neno hilo najichekea peke yangu kwenye mashine.

Unakumbuka mwaka wa kwanza ulivyogoma kupanda mahindi matamu ya hapa? Ukapata kwa dada mmoja wa kanisani mbegu nyeupe ya nyumbani. Yakarefuka yakapita uzio, majirani wakaja kupiga picha, na baridi ikafika hayajatoa hata ndevu. Ukayatazama ukasema, "Haya ni kama wale wanaokuja kanisani na suti, kumbe sadaka hawana." Mwaka uliofuata ukakubali mbegu ya hapa, huku ukinung'unika kama ni mahindi au ni pipi. Ndiyo hayo uliyoyachoma kwenye jiko letu dogo la mkaa pale kwenye nyasi, ukayapaka ndimu, chumvi na pilipili, punje zikipasuka na kuturushia maji usoni. Rehema alikuwa akitoka kazini anakuja moja kwa moja na sare zake, anakula akiwa amesimama, gunzi likimgusa kidevu. Hayo ndiyo mahindi aliyoniomba.

Basi nikapanda. Na kiangazi cha mwaka huu, Mama, usikisikie. Mwezi wa tano ulikuwa wa koti. Mbegu za kwanza zikaoza ardhini, nilifukua moja nikakuta imekuwa uji. Nikapanda tena. Mvua ikanyesha kama inatafuta mtu. Ilipokatika ukaja moshi wa misitu inayoungua Kanada, siku nyingi mfululizo, jua likawa jekundu halina joto, na sisi tunakohoa, safari hii kwa sababu ya kweli. Mahindi yakasimama palepale, manjano manjano. Mwezi wa nane, wakati ambao miaka yote yanatupita vichwa, yalinifika kiunoni. Nilikuwa napalilia nikiinua macho naona mpaka barabarani. Nikawaza kwamba hata kama ungekuwepo, mwaka huu tusingezungumza. Tungeishia kwenye shikamoo.

Nikwambie na jingine. Upande wako sikuupanda.

Nilijaribu. Nilisimama kwenye ule mstari wako, ambao kwa kukanyagwa umekuwa njia, na jembe na mfuko wa mbegu, mguu ukakataa. Siku ya kukuaga, mchungaji alipoita watu wapite mbele ya jeneza, mimi nilibaki mlangoni nikitazama viatu vyangu. Wengine walinong'ona kwamba sina uchungu na mama mkwe. Mimi nilijua ungependa nisimame vile. Sasa kama sikukutazama uso siku ile, nitakanyagaje udongo wako? Nikapanda upande wangu tu, mstari mmoja mrefu kando ya uzio, nikijipa moyo kwamba utatosha kumlisha mtu mmoja. Upande wako nilikuwa nautoa magugu nikiwa nimesimama nje, nimenyoosha jembe la mpini mrefu kama mtu anayevua samaki. Msimamizi wa bustani alikuja kuniuliza, kwa upole, kama mgongo unaniuma.

Mbelewele zikatoka chache, na upepo ukaipeperusha chavua yake ikaenda zake. Nilipomenya hindi la kwanza nilitaka kulirudisha kwenye bua. Punje tatu hapa, pengo, punje mbili kule, pengo. Nikamenya la pili, likawa hilohilo. Yote yalikuwa kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno. Nilikaa kwenye ndoo nikaona aibu. Miezi yote ile nilikuwa nimemwambia Rehema asubiri, yanakuja, nawe unajua mwanao alivyo, akiahidiwa kitu hakukumbushi, anasubiri tu. Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ameifunga uzi ili isidondoke. Nikapanga nipite dukani ninunue mahindi mazuri, nimwambie ni yetu.

Sikuwahi kufika dukani. Gari lake liliingia pale bustanini asubuhi ileile, ametoka zamu ya usiku, amempitia Tumaini kwa jirani, yuko nyuma. Tangu ufe alikuwa hajakanyaga pale. Alikuja taratibu kati ya vipande vya watu, na sikujua niyafiche wapi yale mahindi, nikayakalia.

Hakuyaangalia. Aliangalia upande wako, ule udongo mtupu uliosafishwa usio na hata jani, akauliza, "Kwa nini hapa hujapanda?"

Nikamjibu, "Ni kwa Mama."

Akanitazama. Akautazama ule mstari wangu mmoja kando ya uzio. Mwanao ni mtoto wa mkulima, Mama, alielewa yote bila kumenya hindi hata moja. "Baba Tumaini," akasema, "mahindi yanataka wenzake. Ukiyapanga foleni hivi hayazai. Mama hakukwambia?" Nikasema hukuniambia, maana siku zote upande wako ulikuwa umepandwa, kwa hiyo mimi nilijua kulima nusu tu.

Akaanza kucheka, nami nikafurahi, kisha kicheko kikageuka. Akavuka ile njia na viatu vyake vyeupe vya hospitali, akakaa chini katikati ya upande wako, akalia, Mama. Akalia kilio cha nyumbani, kile cha kuita. Watu wa vipande vya jirani waliinua vichwa. Bibi mmoja Mhmong, mhamiaji kama sisi, aliacha kazi, akavua kofia yake, akasimama tu. Tumaini akaniuliza kwa Kiingereza kama mama yake ameumia. Nikamwambia ndiyo, ila anapona. Nilitamani kwenda kumshika mke wangu na sikuweza, nilisimama ukingoni nimenyoosha mkono, mpaka Tumaini akakimbia akaenda kumkalia mapajani kwa niaba yangu.

Alipotulia akasema, "Nipe hayo uliyoyakalia."

Nikamrushia moja. Hakungoja mkaa wala ndimu. Alilimenya akalitafuna bichi, anafuata punje moja moja kati ya mapengo kwa meno ya mbele, makamasi na machozi vinamtiririka humohumo. Akanyoosha mkono akataka jingine. Tumaini naye akataka. Walikula mavuno yangu yote pale chini, na mimi nimesimama nawahesabia magunzi yanavyodondoka, sina hata la kuonja.

Sasa ni mwezi wa tisa, asubuhi nyasi zina barafu. Nimeng'oa mabua. Rehema amesema mwakani upande wako ni wake, atapanda mistari mifupi mingi iliyobanana, na ameniamuru na mimi nipange hivyo hivyo upande wangu ili upepo uwe na kazi. Njia itabaki palepale ulipoichora. Mimi sitaivuka, usinicheke. Lakini nakuahidi mambo mawili. Yale uliyoniambia mahindi yakiwa marefu nitamwambia yote, hasa majina ya ndugu zake wawili, maana si haki mimi mkwe niyajue peke yangu. Na nitamtunza. Sikuwahi kukutamkia hilo ukiwa hai, nilisubiri msimu ambao mahindi yangekuwa marefu ya kutosha.

Kwaheri, Mama. Nimekupenda kwa mbali, kama tulivyofundishwa, na mbali penyewe pamezidi kuwa mbali. Leo Rehema amerudi kutoka kanisani akasonga ugali mwenyewe, akanipigia kelele kwamba nimemaliza mboga. Amekula sahani nzima, akasimama, akaenda kuongeza.

Pumzika. Mtoto wako ameshiba.

Mkweo,
Baba Tumaini