Damu Mbili kwenye Kioo Kimoja

Mwanza, hospitalini

Tata mpendwa,

Kasinge waitu. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, ingawa ziwa zima liko kati yetu. Kifua cha mama kimepoa? Na ile migomba ya nyuma ya nyumba iliyolazwa na upepo, mmeiwekea miti ya kuegemea? Mimi mwilini sijambo. Moyoni ndiko kunakochemka, tena kunafurika.

Najua habari zangu zimekwisha kunitangulia, maana watu wa meli hawana siri. Utakuwa umesikia pale Izimbya kwamba mwanao Kaijage amefukuzwa kwenye mafunzo ya maabara kwa kughushi damu. Kughushi damu! Tata, nisikilize mimi niliyekuwapo, halafu ndipo uwajibu hao wanaocheka.

Nilikwandikia kwamba hapa Mwanza tunafundishwa njia mpya ya kupima damu. Zamani tone lilikuwa linapakwa jembamba kwenye kioo, na mdudu wa homa akiwa mchache humwoni. Siku hizi tunaweka tone nene, tunaliacha likauke, tunalitia dawa ya rangi, kisha tunalitazama kwa darubini. Anayetufundisha ni Mzungu ambaye wanafunzi tunamwita Bwana Haraka, maana hata chai huinywa amesimama. Kazi anaijua, sitamnyima haki yake. Zilipokuja habari kwamba wavuvi wa kisiwa cha Goziba wanasinzia mchana na kukonda, akanituma mimi kwa sababu ni Mhaya, nikawapime kama wana malale.

Basi nikafika Goziba na kisanduku changu cha vioo. Nikakaribishwa vizuri, nikapewa sato wa kuchoma. Nilipotoa sindano tu, wote wakasimama. Mmoja wao, Byabato, mtu wa Ihangiro, ndiye aliyesema.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Izimbya."

"Na Izimbya mtu huchukua damu ya mwenzake akaenda nayo hivi hivi, bila kuacha yake?"

Ningejibu nini, tata? Mimi na wewe tunajua jibu. Damu ya mtu haitoki kwenda kwa mwingine ila kwa mukago, nawe unakata, naye anakata, mnamezeshana kwa punje ya kahawa, mnakuwa ndugu hadi kaburini. Anayechukua bila kutoa ni mchawi au mwizi. Darasani hawakutuambia la kufanya mtu akikuuliza swali hilo. Nikamwambia, "Sawa, nitatoa yangu. Lakini kumezeshana hapana, maana huenda damu yako ina ugonjwa, au yangu inao. Kioo ndicho kitakachomeza badala yetu." Byabato akacheka mpaka akakohoa. "Kioo kina tumbo baridi," akasema, "lakini na kimeze."

Nikamchoma kidole, nikaweka tone lake katikati ya kioo. Nikajichoma mimi, nikaweka tone langu pembeni kabisa, nikatia mkwaruzo kando yake ili lijulikane. Tukatafuna kahawa kavu, basi. Waliobaki wakajipanga wenyewe, kila mmoja akitaka na yeye tone langu kwenye kioo chake. Vidole vyangu viliwaka moto, lakini hakuna aliyekataa tena.

Kanuni inasema kioo kimoja mtu mmoja. Naijua. Lakini kanuni hiyo bila damu ya kupima ni ya nini? Ningerudi na vioo vitupu, vyeupe, vya kanuni?

Nikavitia rangi, nikavitazama palepale kisiwani. Kwenye tone la Byabato, tata, niliwaona. Wadudu wa malale, membamba, wamejikunja kati ya damu. Kwenye tone langu hawakuwamo. Nikakitenga kioo chake. Mwenyewe alikuwa ameanza kusinzia na wavu mkononi, wenzake wakidhani ni uvivu, wakimnyima fungu lake la samaki.

Bwana Haraka akaja na motaboti kuchukua vioo. Akainua cha kwanza kwenye mwanga.

"Nani weka damu mbili hapa?"

"Mimi, bwana. Moja ya mvuvi, moja yangu." Nikamweleza yote, pole pole, kwa heshima.

Akawa mwekundu. "Hii mambo ya kishenzi! Wewe jaza vioo na damu yako, danganya mimi!" Akavimwaga vyote ndooni mbele ya wenye damu zao. Waitu! Wazee wazima walisimama wakitazama damu yao inavyotupwa kama maji ya kunawia. Sijapata kuona aibu kama ile, na haikuwa aibu yangu.

Kioo cha Byabato nilikuwa nacho mkononi. "Hiki tazama kwanza," nikasema. Akainama kwenye darubini.

"Mdudu iko. Lakini hii damu ya nani?"

"Ya katikati ni yake. Yangu ni ile yenye mkwaruzo."

"Mimi hapana amini."

Akamchoma Byabato upya, akatazama kidogo tu, jicho moja kwenye darubini na jingine kwenye motaboti. "Hapana mdudu. Yeye mzima. Funga mizigo."

Hapo ndipo nilipowaka. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba malale hujificha, kwamba usipomwona mdudu leo utazame kesho na kesho kutwa! Nikamwambia hivyo. Akasema hana nafasi. Mtu afe kwa kuwa bwana hana nafasi!

Nikasema, "Vizuri. Hujui ni damu ya nani, lakini mdudu umemwona kwa macho yako. Basi mmoja wetu anaye. Tuchukue sote wawili. Mimi ni mtu wa serikali, ukiniacha hapa nikafa utawaambia nini wakubwa wako?"

Aligeuka akapanda motaboti. Kisha akasema neno moja: "Ingia." Nikamshika Byabato mkono, tukaingia.

Hapa hospitali daktari mwingine, mtu mtulivu, alimpima Byabato siku baada ya siku, akamtoa na maji ya mgongoni, akawaona wadudu. Mimi nikaonekana safi. Ulidhani basi Bwana Haraka ataniita aniambie pole? Thubutu! Aliniita kuniambia nafasi yangu ya kwenda Dar es Salaam kumalizia mafunzo amepewa mwingine, kwa kuwa nimevunja kanuni. Wenzangu wakaniambia niombe radhi atanirudisha. Niombe radhi ya nini? Ya mtu kuwa hai? Sitaomba, na wewe tata nakusihi usimtume mchungaji aje kuniombea.

Najua pia mchungaji atakunja uso akisikia habari za mukago, atasema ni mambo ya gizani. Mwambie kahawa ilikuwa kavu. Akizidi, mwulize yeye angechukuaje damu ile.

Byabato anachomwa sindano, na zinamuuma hasa. Alipopokelewa waliuliza ndugu yake ni nani, maana asiye na ndugu wa kumtunza hawamlazi. Nikasema ni mimi. Kwa hiyo sina kazi nyingine sasa, namwosha, nampikia, namwamsha. Akipona nitamleta nyumbani, kwake Ihangiro hakubaki mtu.

Nisalimie mama, umwambie asilie, vidole vyangu vimepona. Msalimie shangazi mwenye shamba la kahawa, na shemeji fundi wa baiskeli, na mwalimu wa kwaya. Wanaocheka kilabuni usiwasalimie.

Jana hospitali walipika kamongo. Byabato ni mtu wa ziwani, amekua akimla samaki huyo, na siku hizi akipata tonge mbili za chochote nashukuru. Siku za kwanza hapa aliwahi kuniuliza muziro wa ukoo wetu, kile ambacho sisi hatukitii kinywani, ni nini, nikamwambia bila kufikiri. Muuguzi akamwekea sahani mbele, akambembeleza ale, kwamba mnyonge kama yeye hachagui. Byabato akaisukuma pembeni.

"Samahani, mama," akasema. "Kwetu huyu haliwi."

Mimi mwanao,
Kaijage