Kilio cha Sheli ya Kehancha

Mama Awuor,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hamwandikii mwenzake akiwa na hasira. Nisamehe. Hapa ofisini sina mwingine wa kumwambia haya, na hata wewe mwenyewe, wiki hii, kuna wakati sikukuamini.

Kwanza habari za nyumbani. Awuor wako amekuwa mrefu, sasa anavaa viatu vyako vya kanisani bila kujaza pamba mbele. Shemeji yako Okello amehamia kwenye meza yako. Ametundika picha yako ukutani, juu ya mashine ya kuchapisha, na wateja wakija anawaonyesha: "Huyu ndiye alianzisha hii kampuni." Nashuku anaipenda hiyo picha kuliko alivyokupenda wewe ukiwa hai. Najua ungecheka, useme Atieno naye, akipewa uji lazima achungulie chini ya kikombe. Ndivyo nilivyo.

Sasa jambo lenyewe. Muuguzi mmoja wa Rusinga alitupigia simu. Alikuta kwenye rafu dawa ya kikohozi ya watoto iliyopita muda, ilhali programu yetu ilikuwa inamwambia kila kitu kiko sawa. Bahati nzuri aliiona kabla ya mtoto yeyote kupewa. Lakini unajua programu ile tuliitengeneza kwa kazi hiyo hiyo, kuzihesabia zahanati dawa zao na kuonya dawa ikipita muda. Haikuonya.

Okello akatuita. Hakuuliza ni nini, aliuliza ni nani. Kisha akajijibu mwenyewe: Chacha.

Chacha, yule uliyemwajiri mwenyewe kule Kehancha ukamkabidhi sheli ya huko. Bado nakusikia ukiwaeleza wageni kwamba sheli ni lile dirisha jeusi la kuandikia kompyuta amri, na kwamba kila aina ya kompyuta ina ya kwake. Ulizipa majina ya mahali wateja walipo: ya Homa Bay, ya Rusinga, ya Kehancha. "Ni kama Mluo, Msuba na Mkuria," ulikuwa unasema. "Wote wanaongea Kiswahili, lakini mtume mmoja kwa maneno ya mwenzake, uone atakachokuletea."

Ndiyo maana kila jaribio la programu tuliliandika mara tatu, na gharama yake uliijua kuliko sisi. Sheli moja ikipata toleo jipya, majaribio yanavunjika hata kama programu haina kosa, na siku zetu zinaishia kuyarekebisha badala ya kutengeneza kitu kipya. Ya Kehancha ndiyo iliyotumaliza. Homa Bay kijani cha salama, Rusinga kijani, Kehancha nyekundu ya kosa, na hivyo hivyo kila tukiyaendesha. Chacha alikuwa anapiga simu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. "Dada Atieno, pole sana, sheli yangu imelia tena. Nimeangalia weee, sioni kitu." Nawe ulikuwa unaniambia, "Wachana nayo, nyathina, mwanangu. Kehancha imezoea kulia."

Kwa hiyo Okello alikuwa na maneno tayari. Tuiondoe sheli ya Kehancha, tupumzike na usumbufu wake, na Chacha aende nayo, maana bila hiyo hana kazi kwetu. Wateja waambiwe kosa lilitoka kwake. "Hawa watu wa border, huwezi jua wanapanga nini," akasema. Nami sikumpinga, Mama Awuor. Nilikuwa nimeshaanza kumshuku Chacha mimi mwenyewe. Kwa nini kwake tu? Nilidhani anatengeneza matatizo ili tuone tunamhitaji.

Basi nikaenda kumtafutia ushahidi. Nilifungua majaribio yake nikiwa na hamu ya kumkamata, nikayaweka sambamba na yetu, mstari kwa mstari. Hakuwa amebadilisha kitu. Yalipima mambo yale yale kwa utaratibu ule ule, na mwisho wa kila jaribio, kwenye sheli zote tatu, palikuwa na mstari wako, amri ya kuandika kwenye skrini: Erokamano.

Wewe na shukrani zako! Ijumaa kabla jua halijatua tulikuwa tunazima mashine, tunasimama, unamshukuru Mungu kwa kilichofanya kazi na kwa kilichokataa. Ulisema hata mashine ikitumwa iseme asante kabla haijaondoka. Kila aliyekuja kujifunza kwetu aliucheka mstari huo, kisha naye akawa anauweka bila kuambiwa.

Niliutazama hadi chai ikapoa. Jaribio likimalizika, sheli hutoa jibu: salama, au kosa. Sheli ya Homa Bay na ya Rusinga hutoa jibu la amri ya mwisho peke yake, na amri yetu ya mwisho ilikuwa kushukuru. Kuandika neno moja kwenye skrini hakushindikani. Programu ilikuwa inakosea katikati, jaribio linaliona kosa, linasema asante, na sisi tunapewa kijani. Ile ya Kehancha ni ya kizamani, ina tabia nyingine. Kwake kuandika neno hakufuti kosa lililotangulia. Ilikuwa inashukuru na bado inasema kuna kosa.

Niliufuta mstari wako kwenye sheli zetu mbili, nikayaendesha majaribio upya. Nyekundu, Mama Awuor. Nyekundu mpaka chini, na la dawa zilizopita muda likiwemo. Ni makosa yale yale ambayo Chacha alikuwa anatuomba radhi kwa ajili yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakitafuta mpakani.

Hapo ndipo nilipoanza kukushuku wewe. Sikufichi. Mbona wafadhili wakija uliwaonyesha kijani cha Homa Bay tu? Mbona uliniambia niachane na ile nyekundu? Nilisimama mbele ya picha yako nikikuuliza, Okello akadhani naomba. Kumshuku mtu unayempenda, naye hawezi kujitetea, ni uchungu ambao sikuwa nimewahi kuuonja.

Nimefikia hapa: hukujua. Mtu anayeficha angehakikisha Kehancha nayo inanyamaza, na kwa ujuzi wako ilikuwa kazi ndogo. Lakini hukuangalia. Hukuangalia kwa sababu kilio kilitoka kule mpakani. Kingetoka Rusinga, tungekuwa huko siku hiyo hiyo. Hilo linaniuma, na ni langu kama lilivyo lako.

Programu nimeirekebisha. Okello nimemweleza yote. Alisikiliza vizuri, kisha akafunga mlango. Anataka wateja waambiwe ni Chacha vilevile, kwa kuwa jina lako ndilo linalotulisha, na karo ya Awuor inatoka hapo. "Marehemu hasemwi vibaya, Atieno. Huyo kijana atapata job kwingine." Aliongea kwa upole, na Okello akiwa mpole mimi hushika mkoba wangu.

Lakini hilo la Awuor lilinifika. Nililia. Nikisema ukweli huenda wateja wengine wakaondoka, na huenda mwanao akanichukia kwa kukuchafulia jina. Nimelipima hilo pia.

Kwa hiyo nakuahidi. Sheli ya Kehancha inabaki, hata ikitula siku zetu. Awuor nitamweleza mimi mwenyewe, kwa upendo, kabla hajasikia kwa watu.

Kesho wateja wanakuja kusikiliza. Chacha anatoka Kehancha asubuhi. Amenitumia ujumbe akiomba nimsaidie kupanga maneno ya kuomba msamaha, kwa sababu Kiingereza chake akiwa na hofu kinamtoroka. Bado anaamini ni yeye.

Pumzika, Mama Awuor. Nakupenda leo kama jana. Kesho nitasimama kabla yake. Nitataja jina lako kwanza, halafu langu, kisha nitamwambia Chacha aketi.

Atieno