Duara la bawa la ndege

Hilaria, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Lile bawa la ndege ya vita ya Waingereza, ambalo babu kalifanya mlango wa banda la kuku hapa Liuli. Nikasikia Mwingereza anakuja kuliona, nikalipiga msasa, nikapaka upya lile duara, alama ya ndege zao za jeshi, kama nilivyoliona kwenye simu. Bluu, nyeupe, nyekundu ya kung'aa.

Yule Mwingereza, mzee wa watu, kaliangalia weee. "Hapakuwa na nyeupe. Na nyekundu ilikuwa imepoa, kama tofali."

Nikamwambia nitarekebisha.

"Ile aliipaka baba yangu kwa mkono wake, wakati wa vita."

Kwa mkono wake, Hilaria.

Sasa ananiomba huo msasa, huenda angalau vumbi la rangi ya baba yake limebaki. Nimeshauchoma na takataka.