Samaki wa Juu ya Jiwe

Jumatatu, 3 Machi
Mapanki ya sangara niliyokaanga yameisha mapema. Kiwandani minofu inachukuliwa yote, sisi tunaachiwa kichwa, mbavu na mkia, na watu wa Igogo wanapenda hivyohivyo. Nimeosha kikaango, nimepanda kwenye jiwe nyuma ya nyumba na redio ya kuitana. Jua likigusa maji Neema mwanangu anaita. Kaita. Kanisimulia wanafunzi wake wa kule kisiwani, kanisimulia mimba yake, amecheka. Mimi nasikiliza tu. Leseni ya redio ni yake, alinikataza kile kitufe cha kusemea. Yangu yote nayaweka mpaka Jumamosi, akipata mtandao wa simu huko kisiwani ndiyo namwaga.
Antena yake ninaiita panki. Bomba la plastiki ndiyo uti wa mgongo, na vipande vya futi ya chuma ya fundi ndiyo mbavu, zimesimama juu na chini. Amenunua vitu vya hardware akaunga mwenyewe. Na inaleta sauti ya mtu kutoka ng'ambo ya maji. Mtoto niliyemzaa mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Neema leo hakucheka. Mkunga wa zahanati kampima, mtoto ametanguliza makalio. Awahi hospitali kubwa huku mjini, asisubiri uchungu. Anakuja na boti ya Jumamosi, Baraka mumewe anamsindikiza.
Nimetandika kitanda. Nimekitandua, nimekitandika tena.

Ijumaa, 7 Machi
Upepo. Mabati ya jirani yameruka. Ziwa jeusi. Panki imeanguka kutoka kwenye jiwe, mbavu zimekunjika, moja imekatika.
Simu ya Neema haipatikani. Ya Baraka haipatikani. Watu wanasema mnara wa simu wa kule umelala chini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshinda mwaloni, pale boti zinapofunga. Boti haikuja. Hakuna hata moja iliyovuka. Nimemuuliza kila mwenye koti la mvua. Wananiambia mama nenda nyumbani, boti haziendi mpaka upepo utulie. Mtoto tumboni anajua upepo?

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Mungu anisamehe, ananiona.
Nimenunua futi ya chuma. Nimepanga mbavu za zamani sakafuni, nikazilaza juu ya futi mpya, nikakata sawasawa na mkasi wa bati. Ile ndefu. Ile ya kati ambayo ni vipande viwili, havigusani. Ile fupi. Neema alinionyesha siku alipoiunga, rangi ya njano lazima ikwaruzwe mpaka chuma king'ae, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Nimekwaruza kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Mlehemu wa barabarani kaniunganishia waya mweusi wa redio kwenye vipande viwili vya kati. Kaniuliza, Mama Neema, sasa unatengeneza tivii? Nimemlipa haraka. Nikicheka nitalia.
Nimeifunga tena juu ya mlingoti wake kwenye jiwe. Nikafikiri kidogo ielekee vipi. Mbavu ndefu ndiyo upande wa kichwa, fupi ndiyo mkia, hilo nalijua, nimekaanga miaka mingapi. Nimeelekeza kichwa kisiwani. Samaki anakwenda anakotazama.
Jua limezama. Redio inafanya shhhh. Basi.

Jumatatu, 10 Machi
Shhhh.
Sikukaanga leo. Mafuta yamebaki kwenye chupa.

Jumatano, 12 Machi
Nimepeleka redio kwa fundi mjini Nyamagana. Kijana mpole. Kanipa shikamoo, kanipa kiti. Kaifungua, kapima betri, kachukua redio nyingine akasemea kule, yangu ikatoa sauti yake hapohapo.
Akasema, mama yangu, redio nzima kabisa. Labda anayepiga ndiye hayupo.
Hakuwa na nia mbaya. Nimetoka pale sijui nimepita wapi. Nimejikuta sokoni nimeshika nyanya za mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Mwaloni wanasema kuna mtumbwi umepinduka upande wa Ukerewe, kulekule aliko Neema. Walikuwa wanamvusha mjamzito.
Nimeuliza jina. Hawajui. Nimeuliza kijiji. Hawajui. Mwenye kuleta habari kasikia kwa mwingine. Wajawazito ni wengi, wamesema. Ndiyo. Wajawazito ni wengi. Na wangu yuko wapi?
Jioni nimebonyeza kitufe. Leseni sina. Nimeita Neema, Neema, Neema mwanangu, mpaka koo likakauka. Nikiachia kitufe, shhhh. Nikibonyeza, kimya. Nimemtukana Baraka kwa kumpandisha mtumbwini. Kisha nimemwombea Baraka, kama yuko majini naye ni mtoto wa mtu.
Kwa nini nilimruhusu kufundisha ng'ambo. Kwa nini sikusema njoo ukiwa na miezi saba. Nilisema. Sikusema kwa nguvu.

Ijumaa, 14 Machi
Niandike leo yote.
Mchana mawingu yamepanda tena, radi zinanguruma Sengerema. Mama Kulwa, jirani wa chini, kaja na ufagio mkononi na kanga kichwani, kelele kutoka getini. Nyumba yake iko chini ya jiwe, upande wa ziwa. Anasema tangu nitundike huo mdude mpya umemtazama yeye. Chuma kinaita radi. Ana mapacha wa binti yake ndani.
Nikamwambia, Mama Kulwa, unajua ninachongoja.
Akasema, najua, na pole, Mungu anajua ninavyokuombea. Lakini hilo dude lako kama linataka radi likatazame kwako!
Kapanda jiwe. Mama yule na mwili wake, kapanda. Kaushika mlingoti kwa mikono miwili, kausokota mpaka kichwa cha panki kikageukia mlimani na mkia ukabaki ziwani. Halafu kashuka kwa makalio, anahema, akaniambia tusichukiane.
Sikuwa na nguvu ya kugombana. Sikuwa na nguvu ya kupanda kuirudisha. Nimekaa palepale chini ya jiwe na redio mapajani kwa sababu jua lilikuwa linashuka, na jua likishuka ndivyo ninavyokaa.
Ikafanya shhhh. Halafu ikanyamaza ile shhhh. Halafu Neema.
Mama, kama upo hapo. Nimekuita kila jioni. Sijui kama panki ilipona na ule upepo. Mimi mzima. Boti haijaja bado. Mtoto hajageuka.
Nimebonyeza. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nimesema nipo, Neema, nipo, nipo hapa.
Nikaachia kitufe. Nikadhani nimemuua kwa mshtuko.
Mama! Umebonyeza!
Akaanza kucheka na kulia, na mimi, na Mama Kulwa yuko ukutani kwake anapiga vigelegele kabla hajajua ni vya nini. Nikamwambia jana nilimwita hakusikia, na siku zote nilipata shhhh tu. Neema akauliza nimefanya nini leo. Nikamwambia kichwa cha samaki kimegeuzwa. Akauliza, Mama, uliweka ile ndefu mbele? Nikasema si ndiyo kichwa. Akasema, mama yangu jamani. Huyu anakwenda kwa mkia. Ndefu inakaa nyuma, fupi ndiyo inatazama.
Kumbe aliniita siku zote hizi. Aliniita na mimi nilikuwa nimempa kisogo.
Kisha sauti yake ikabadilika. Mgongo unauma tangu asubuhi, Mama. Unauma na kuacha. Nikamwambia tembea kidogo, usilale chali, muite mkunga sasa hivi, usingoje kesho. Usiogope. Nimesema usiogope kwa sauti kavu kama mtu mwenye akili. Akasema sawa, Mama. Baraka amenishika.
Halafu shhhh.

Jumamosi, 15 Machi
Upepo umepungua. Hakuna sauti asubuhi. Hakuna sauti mchana. Nimeacha redio wazi mpaka chaji ikaisha, Mama Kulwa kaniletea betri ya sola ya kwake, kaiunganisha mwenyewe. Kakaa na mimi juu ya jiwe, yeye aliyeogopa radi. Tumekaa kama wafiwa.
Jua limezama. Hakuna.
Mungu, mwanamke akizaa hivyo anaweza kufa. Nimeona kwa macho, kwetu, dada yangu mkubwa. Usinifanyie mara mbili. Nimesema. Unikasirikie, lakini nimesema.

Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda kanisani kwa sababu nyumbani siwezi kukaa. Sikuimba. Nimetoka kabla ya baraka za mwisho.
Jioni, redio. Baraka, si Neema. Sauti yake imekauka kama mtu aliyekesha. Akasema Mama, ngoja. Ngoja hapohapo. Kukawa na vishindo, kama mtu anaparamia kilima na kitu mkononi. Nikasema sema basi, mwanaume wewe, sema.
Alikuwa amebonyeza na ameinua redio juu, mbele ya kitu.
Kilio. Kidogo, kikali, kina hasira.
Kisha Baraka akasema, ni wa kike. Alitoka makalio mbele, mkunga hakumvuta, alimwacha ashuke mwenyewe. Neema amelala. Damu imesimama. Boti ya kesho inatupeleka hospitali ya wilaya wote watatu, Neema na mtoto wakaangaliwe.
Nimemwambia Baraka mwanangu asante. Sijui kama nilibonyeza.

Jumatano, 19 Machi
Wako hospitali, simu zinapatikana. Neema anakula uji. Mtoto ananyonya. Watakuja wiki ijayo ziwa likiwa shwari, nimewaambia wasiharakishe.
Nimekaanga leo. Mama Kulwa kachukua mapanki mawili, hakulipa, anasema ni ada ya fundi antena. Anamwambia kila mtu yeye ndiye aliyetengeneza. Nimemwacha. Ni kweli.
Kabla ya jua kuzama nimepanda kwenye jiwe. Hakuna atakayeita, nimepanda tu. Nimechana kitambaa chekundu nikakifunga kwenye ule ubavu mfupi, unaotazama kisiwani, ili mwingine asikosee kama mimi.
Mjukuu wangu naye kaja mkia mbele. Ziwa leo limetulia, unaona mpaka mbali.