Kamera Iliyomuitikia Maman

Bukavu, Nyawera, siku ya soko

Kwako yaya Floribert,

Nakusalimia kwanza kama mudogo anavyomusalimia mukubwa wake. Halafu nakusalimia mara ya pili kama mutu mwenye akili anavyomusalimia mutu asiyejua hata kuficha simu yake. Uko muzima? Mugongo unasemaje? Na kile kikohozi cha vumbi ya shimo la dhahabu, kimekuachia au munalala nacho kitanda kimoja? Sisi huku tunapumua. Maman iko, na goti lake bado linatangaza mvua kabla ya radio. Mutoto wako Fabiola iko muzima. Neno hilo ulisome mara mbili, yaya, maana karibu nishindwe kukuandikia.

Najua unacheka. Dany, daktari wa simu wa Nyawera, anayefufua simu iliyoanguka ndani ya sufuria ya sombe, leo ameshika biki na karatasi kama katekista! Cheka upesi umalize. Nimeketi juu ya mifuko ya chumvi kwenye depo ya Donatien, yule mufanyabiashara anayewaletea chumvi na maharagwe huko Kamituga, naye anafunga mizigo kwenye moto, ile pikipiki yake. Kila anapokaza fundo moja ananitupia jicho, kusema niharakishe. Naandika juu ya goti, kwa hiyo ukiona herufi zimelewa, sio pombe.

Nianze na kamera. Wezi walipoingia kwa papa Jean-Claude jirani yetu, uliapa kwamba utatununulia jicho lisilolala. Ukalinunua kweli. Lakini ulitaka uwe wewe ndiye chef, mukubwa wake, sio mimi, eti mimi ni mutoto. Basi ukamupa Barthélemy, mwenzako wa shimo, kamera ndani ya sanduku lake la karto, na juu yake ukamupa simu yako yenyewe, aje nazo Bukavu, simu ifungishwe ndoa na kamera hapa nyumbani, kisha akurudishie. Siku ile nilimuambia Maman kwamba sijawahi kuona mutu anatuma simu yake kwenye harusi, yeye anabaki kuchimba.

Kazi ya kuifunga, niache nijisifu, hata mainjinia wangekuja kuiga. Nilitoboa ukuta juu ya mulango, Barthélemy akinishikia ngazi. Waya ya courant, ya umeme, nikaipitisha chini ya mabati. Ile modem ndogo yenye karata ya simu nikaiweka juu ya kabati, pembeni ya Bikira Maria, maana réseau, mutandao wa simu, inapita pale tu, sijui kwa sababu ya nani. Kamera ilipoamka ikasema Kichina, Maman akafanya ishara ya musalaba. Nikaigeuza ikasema Kifaransa, akasema sasa imebatizwa. Simu yako alikuwa ameishika Barthélemy. Neno la siri aliliandika yeye, akisema vidole vyangu vina mafuta ya mandazi. Mimi kwenye simu yangu nikawekwa kama mugeni: ninaona ua, ninageuza kichwa cha kamera, lakini siwezi kumutoa mutu mwingine kwenye kamera. Mwenye nguvu hiyo ni simu yako peke yake. Maman akamupikia Barthélemy samaki wa sambaza na bugali, akamuita mwanangu. Fabiola akamuonyesha pengo la jino. Tukamusindikiza mupaka barabarani tukimushukuru.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Mutoto akitoka kwenye masomo, Maman anamusimamisha chini ya kamera, na wewe unatokea mule ndani, unakohoa kwanza, halafu unauliza kama amekula akamaliza. Majirani walikuja kusikiliza. Maman Colombe wa mulango wa pili aliniuliza kama kamera inaweza kumuita pia mume wake aliyepotelea Kisangani, nikamujibu kwamba kwa mume wa namna ile hata kengele ya katedrali haitoshi. Alinirushia kandambili, ikanipata.

Halafu sauti yako ikanyamaa. Tukasema ni réseau ya Kamituga. Lakini kamera yenyewe haikunyamaa: ilikuwa inageuka. Maman anaingia uani na ndizi zake, kichwa kinamufuata polepole, krrr, krrr, kama kuku anayetazama punje. Akafurahi. Akaanza kukuuliza maneno: Floribert mwanangu, umekula? Kama umekula, tazama kwenye mulango wa ua. Ikatazama kwenye mulango. Unasali? Ikatazama kwenye mulango. Maman akaja kuniambia, macho yana machozi, kwamba hata bila sauti unamuitikia.

Na wewe unamujua Maman. Ukimupa sikio moja anamimina pipa. Kila siku aliketi pale chini akichambua maharagwe na kukuhadithia: kwamba mimi natoka asubuhi na kurudi jioni, kwamba goti lilimuzuia kwenda kumuchukua mutoto na sasa Fabiola anarudi peke yake, kwamba anapita njia ya chini kwa sababu mubwa wa Jean-Claude amefungiwa njia ya juu. Kamera ilisikiliza. Akitaja mutoto, ilikuwa inageuka upande wa barabara.

Siku moja mimi niliikuta hivyo. Nilikuwa nimebaki nyumbani, nimejifunga taulo, ndoo mukononi, ikanigeukia. Nikakutania: yaya, unachungulia misuli ambayo Mungu alikunyima? Ikabaki inanitazama, na ile taa yake ndogo nyekundu. Kisha ikaniacha, ikageukia barabarani, ikasimama pale pale bila kutikisika mupaka Fabiola alipoingia na mufuko wake wa masomo. Ikamufuata mupaka ndani ya jikoni. Nilicheka, maana mimi ndiye nimeifunga, sasa niogope kitu nilichokazia misumari ya vis mwenyewe? Lakini ndoo yangu niliibeba nikaenda kuogea nyuma ya nyumba.

Juzi Donatien akafika kutoka kwenu, tope mupaka kwenye nyusi. Barabara ilikuwa imekatika, ndiyo maana alichelewa. Aliniletea salamu zako. Nikamuambia kwa majivuno kwamba salamu za kubebwa na moto ni za wazee, sisi tunaonana na wewe kila siku kwenye kamera. Akanitazama kama mutu anayetazama mugonjwa. Akasema simu yako ilipotea tangu zamani, kwamba Barthélemy aliiazima, kisha akakuambia ilimuponyoka ikaanguka mutoni, kwamba wewe unabaki bila simu, na kwamba ulimuomba Barthélemy huyo huyo atujulishe, naye akakuhakikishia kwamba ametujulisha na tuko salama.

Yaya, hatukujulishwa kitu. Kama simu yako iko ndani ya maji, ni nani anayemuitikia Maman?

Nikamupigia Maman. Kabla sijafungua kinywa akaniambia kwa furaha kwamba sauti yako imerudi! Ulisema na Fabiola jana, Maman mwenyewe alikuwa jikoni, alisikia mutoto akicheka tu. Ulimuambia mutoto kwamba mutu ameshuka kutoka Kamituga na viatu vyake vya komunyo, na kwamba leo motard, dereva wa moto, atamuchukua mbele ya geti la masomo amupeleke akavijaribu. Maman alikuwa amemusuka nywele kwa ajili hiyo. Mutoto alisema papa ana mafua, sauti yake imebadilika.

Nilikata simu. Nilirukia moto ya kwanza, hata bei sikuuliza, mimi! Dereva aliniuliza kama nimeiba. Nilimuambia aende, aende tu.

Watoto walikuwa wamekwisha kutoka. Mbele ya geti kulikuwa na sare za bluu na nyeupe kila mahali, na mapikipiki kama nzi, na mimi sijui natafuta motard gani. Nikamuona Fabiola ng'ambo ya barabara, anapandishwa nyuma ya moto moja isiyo na namba, mukono mumoja umeshika biskuti. Niliita, sauti haikutoka. Unajua mudomo wangu, haujawahi kunikosa hata siku moja, na siku ile ulikauka kama kisogo cha kobe. Basi nikanyakua kifuniko cha sufuria ya maman anayeuza mandazi, na kijiko chake, nikapiga. Nikapiga kama tunavyopiga sufuria usiku, wezi wakiingia kwenye avenue.

Mungu awabariki wanawake wa Bukavu. Hakuna aliyeuliza ni nini. Ilikuwa mchana kweupe, lakini sufuria ni sufuria. Mumoja akaitikia na beseni, mwingine na mwiko juu ya bati, filimbi zikaanza kulia kutoka juu ya kilima, maman wa mandazi mwenyewe akatoka mbele akipiga kelele kwamba kuna mwizi wa mutoto. Motards wa stendi wakafunga njia. Yule mutu akaona anazingirwa, akamusukuma Fabiola chini, akapenya katikati ya mufereji na ukuta, akaenda. Hatukumupata. Mutoto alipasuka goti, basi. Alilia kwa sababu biskuti ilianguka kwenye tope.

Nilimubeba mugongoni mupaka nyumbani, yaya. Ile kamera ilikuwa inatungojea juu ya mulango. Ikatugeukia, krrr. Nilitaka kuivunja kwa jiwe. Maman ndiye aliyenizuia kwa macho. Akasimama chini yake, akafungua mikono, akaanza kukulilia wewe: Floribert mwanangu, watu walitaka kutuibia mutoto, shukuru Mungu wanawake walipiga sufuria, tuombee! Nilifikiri kwamba bado haelewi, na kumbe nilikuwa nimemunong'oneza yote alipotupokea nje ya ua. Alipomaliza aliingia jikoni akatapika.

Tukangoja courant ikatwe, na kwa mara ya kwanza maishani nilisali ikatwe upesi. Ikakatwa. Kamera ikafumba jicho kama siku zote, bila mutu kushuku kitu. Nikapanda, nikatoa ile karata ndogo inayohifadhi picha na sauti, nikaiweka kwenye simu yangu, tukajifungia chumbani tukasikiliza. Mutu yule anasema polepole, anamuita Fabiola malaika wa papa, anamuambia asimuambie tonton Dany maana atamuonea wivu. Hakohoi hata mara moja. Nilikuwa bado natafuta nimeisikia wapi sauti hiyo, Maman akashika ukingo wa kitanda. Akasema: huyo ndiye aliyeniomba nimuongezee sambaza.

Ni Barthélemy, yaya. Simu yako haikuanguka mutoni. Nilirudia kusikiliza mupaka nikachukia masikio yangu, nikitafuta namna ya kukosea. Ni yeye.

Sijui alitaka kufanya nini na mutoto. Donatien ananiambia kwamba inasemekana mumefikia mushipa muzuri wa dhahabu, na kwamba hisa yako ni kubwa kuliko yake kwa sababu shimo ulilianza wewe. Labda alitaka ukubali kitu, na mutoto awe ndiye kamba ya kukuvuta. Mimi sikumaliza masomo, lakini hesabu hiyo naiweza. Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Donatien amenieleza namna munavyofanya kazi: wewe ndiye unayeshuka, na yeye ndiye anayebaki juu kushika kamba.

Kwa hiyo hatukuizima kamera. Maman anaendelea kuisalimu kila siku, anaiuliza kama umekula, inatazama kwenye mulango, anaicheka. Anaiambia kwamba Fabiola iko na homa, amelala ndani. Fabiola iko Katana kwa tantine Agathe, anayefua mashuka ya hospitali, na majirani wote pale wamekwisha kuambiwa. Tunamudanganya Barthélemy ili asijue kwamba tunajua, mupaka karatasi hii ikufikie. Ndiyo maana sikutuma ujumbe kwa mutu yeyote wa huko, maana sijui nani anakula naye. Donatien ameapa kukupa mukononi, ukiwa peke yako. Akikukuta naye, atakupa chumvi tu, na barua atairudisha ndani ya kiatu mupaka kesho.

Usimugombeze, usimuulize kitu, usijifanye mwanaume. Mimi ndiye ninayejivuna katika familia hii, na mimi nakuambia naogopa. Rudi na Donatien. Acha blanketi yako ibaki pale, acha na koleo, wafikiri umeenda kunawa.

Donatien amewasha moto, nifunge. Maman anakusalimia, amekaa chini ya jicho lile akichambua maharagwe na kuimba kwa sauti, ili limutazame yeye mupaka mimi nimalize kuandika. Tantine Agathe anakusalimia. Fabiola anakusalimia, anauliza kama mafua yamepona. Maman Colombe naye anakusalimia, na kandambili yake.

Na Barthélemy akikuuliza habari za nyumbani, umujibu kwamba wote ni wazima na Maman anamukumbuka. Ucheke kidogo. Halafu umuambie kwamba mugongo unakuuma, leo ashuke yeye, wewe utashika kamba. Akifika chini, ondoka. Lakini kwanza uifunge kamba kwenye muti. Mimi nilitaka niandike neno lingine hapa, Maman amenikataza, ameniapisha niandike la kwake: uifunge vizuri, ukaze mara mbili, naye ana mama.

Ni mimi mudogo wako,
Dany