Zahanati Yenye Mikwaruzo

Mlandege, Iringa

Mjukuu wangu Tumaini,

Salamu zikufikie huko Iyunga. Sisi tupo. Baridi inanibana magoti, na shangazi yako amemaliza kuvuna viazi.

Uliniuliza kuhusu kazi yako ya kupima mtandao wa simu: je, ni kosa mtambo kuwahudumia kwanza walio karibu na mnara, ili vipimo vitoke vizuri? Mimi nilishafanya hivyo.

Nikiwa msichana nilikaa kwenye simu ya upepo, ile redio ya kuitana na zahanati za mbali, ya hospitali moja hapa mjini. Tulipimwa kwa wingi wa jumbe. Basi waliosikika vizuri nilianza nao, na zahanati moja ya Usangu, ambayo sauti yake ilijaa mikwaruzo, niliiambia, "Subiri." Mganga wake aliita asubuhi nzima. Nilipompa nafasi, hakuwa akiomba tena gari la kumbeba mama mjamzito. Aliomba tuwapelekee ndugu wa yule mama taarifa ya msiba.

Jioni msimamizi alinisifu. Alisema hajawahi kuona jumbe nyingi vile zikipita kwa siku moja.

Mitambo yenu siijui, mjukuu wangu. Ila ukienda kupima, fika na kule mnara hauonekani, ukae kidogo.

Bibi yako, ambaye bado anaisikia ile mikwaruzo.