Sauti ya Tatu Kule Buffalo

Mume wangu Elia,

Leo ni siku ya nne tangu nikusindikize uwanja wa ndege wa Louisville, na nyumba imenyamaza mno. Nimekaa hapa najiuliza swali lilelile nililojiuliza tangu tuoane: hivi huyu mtu ni nani hasa? Usicheke, unanijua. Kule kambi ya wakimbizi, Kigoma, mama alizoea kusema kwamba mimi nilizaliwa nikiuliza.

Unaikumbuka safari yetu ya Februari 2015? Harusi yetu ilikuwa na miezi mitano tu. Nilitaka kuona kama ni kweli maporomoko ya Niagara huganda. Wewe ukasema, "Bon, tuende mbali hivyo sababu ya barafu? Barafu si iko hapa mlangoni?" Lakini alfajiri nilipotoka nilikukuta umeshakwangua vioo vya gari na kujaza chai kwenye chupa.

Tulilala Hilliard, nje kidogo ya Columbus, kwa binamu yangu. Asubuhi tukaenda kutazama mto mjini. Darajani pana sanamu ya kulungu aliyesimama kwa miguu miwili kama binadamu, ameegemea ukingo, anatazama maji. Nikakuuliza anamngoja nani. Ukatia mikono mfukoni, ukasema, "Labda hangojee mutu. Anahesabu wenye walivuka." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Buffalo, karibu na Niagara, tulifikia kwa shangazi yangu Konsolata, mtaa wa Lower West Side. Jumamosi asubuhi ukanipeleka Niagara. Kingo zote zilikuwa nyeupe, miti imevikwa barafu hadi vitawi vya mwisho, lakini katikati maji yalikuwa yakipita, na hata pale yalipofunikwa tuliyasikia yakinguruma chini. Nilikushika mkono nikapiga kelele, "Hayajaganda!" Mzungu mmoja akageuka kutuangalia. Ulitabasamu kwa midomo tu, kope zimeshika theluji.

Mchana shangazi alikuwa na mazoezi ya kwaya, na kwetu mgeni haachwi peke yake nyumbani. Tukakaa benchi la nyuma kanisani, makoti mwilini. Wanakwaya karibu wote walikuwa Wakongo, wengine wakiwa bado na sare za kiwandani. Wakaanza wimbo mmoja wa polepole ambao sikuwahi kuusikia. Nikahisi vidole vyako vinagonga goti. Nikadhani ni baridi.

Walipoumaliza nilimuuliza mwalimu wao ni wimbo wa nani, maana ulinigusa.

"Ni wimbo ya zamani, mama," akasema. "Tulitoka nayo kule Fizi. Ule aliutunga alikufaka ku vita." Yaani mtunzi wake alifia vitani.

Ndipo ukasimama. Tangu nikujue sikuwahi kukusikia ukiimba, hata siku ya harusi yetu ulichezesha midomo tu. Ukasema kwa sauti ndogo, "Sauti ya tatu hamuko mnaiimba muzuri. Inashuka pale, haipande." Kisha ukaimba mstari mzima. Shangazi akaweka mkono mdomoni. Mwalimu akakuuliza kwa heshima, kama anayemwita kaka mkubwa, "Yaya, nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ni mimi niliutunga. Sikufaka."

Yule mwalimu alikuja akakushika mabega, akakutazama usoni. Halafu akakupa nafasi yake mbele. Uliwafundisha saa nzima. Nilikaa benchi la nyuma nikimtazama mwanamume nisiyemjua, anayepiga hewa kwa vidole na kufumba macho, na nilimpenda upya, kwa woga kidogo.

Baadaye, ndani ya gari, injini ikiwaka ili tupate joto, nilikuuliza kwa nini ulinificha. Ukanieleza. Jumapili moja, wakati wa vita kule Fizi, kwaya yako ilialikwa kuimba kijiji cha pili. Mama yako alitaka ubaki nyumbani, wewe ukaenda. Mliporudi jioni, kijiji chenu kilikuwa kimechomwa, na mama hakuwepo tena.

"Nilikuwa naimba, bibi yangu," ulisema. "Ile saa yenye alikuwa ananiita, mimi nilikuwa naimba."

Mimi, mwenye maswali yote ya dunia, sikuuliza lolote mpaka tulipofika kwa shangazi.

Tangu siku hiyo umekuwa ukiimba kidogo kidogo: ukiosha vyombo, ukifunga kamba za viatu kabla ya kwenda kazini ghalani. Sikukukatiza hata mara moja. Nilisimama mlangoni na kusikiliza. Na mwaka huu, pasipoti yako ilipotoka, ukasema unataka kufika Fizi, kaburini kwa mama yako.

Sasa maswali yangu yamerudi, na yote ni juu ya mama yako. Alicheka namna gani? Alikuwa na sauti, au uliipata kwa baba? Alitaka ubaki kwa ajili ya kazi ya shamba, au alitaka tu kukuona mezani? Waulize waliobaki. Uliza kila kitu, kwa niaba yangu.

Lakini ukifika kwake, Elia, usianze kwa kuomba msamaha. Msalimie kwanza, kama mtoto aliyetoka safari. Mwambie umeoa. Mwambie mkamwana wake anaulizauliza sana, na anataka kumjua.

Mungu akulinde njia nzima.

Mke wako